Mmeuliza: mafundi wa luti na hadigadi, na ile kazi yao isiyoonekana kwa nje

Safari hii safu yote nimewaachia waliouliza kuhusu mafundi wa ala za nyuzi za Ulaya ya zamani, hasa ala mbili. Ya kwanza ni luti, ile yenye tumbo la mviringo na kichwa kilichokunjwa kurudi nyuma, ndugu wa damu wa udi wa Waarabu. Ya pili ni hadigadi, ambayo haipigwi kwa upinde wala haicharazwi, unazungusha mkono wa chuma na gurudumu la mbao linasugua nyuzi. Barua ni nyingi, baadhi nimezifupisha, na moja nimetoa matusi (ndiyo, kuna mtu alitukana kwa sababu ya gitaa).

Mimi ni seremala wa milango na makabati. Nimeona picha ya luti, mgongo wake umeviringana vizuri mno, nikasema hiyo imechongwa kwenye gogo moja. Rafiki yangu anabisha eti ni vipande vimegundishwa. Nani mkweli? Na je, seremala kama mimi naweza kuitengeneza? — Seremala Mbishi

Rafiki yako kakushinda, fundi wangu, kubali tu yaishe. Zipo ala za kale zilizochongwa kutoka kwenye pande moja la mti lakini luti siyo mojawapo. Mgongo wake ni vipande virefu vyembamba ambavyo mafundi wanaviita mbavu, na kila ubavu una unene wa milimita 1.5 hivi, wakati mwingine hata chini ya hapo. Fundi anaupasha moto kwenye bomba la chuma, anaukunja taratibu mpaka ufuate foma (lile umbo la mbao la kujengea juu yake), alafu anaupiga randa ukingoni mpaka ukutane na jirani yake bila kupitisha hata mwanga, anagundisha, anahamia unaofuata, na hivohivo mpaka tumbo lijae. Akishatoa foma anapitisha vipande vya karatasi au kitambaa kwa ndani juu ya kila kiungo, maana mbao nyembamba kiasi hicho zikishikana ukingo kwa ukingo gundi peke yake haitoshi. Kinachobaki mkononi ni ganda tu, nusu ya papai lililokwanguliwa nyama yote.

Idadi ya mbavu karibu kila mara ni namba witiri, 9, 11, 13, ili ubavu mmoja ukae katikati kabisa. Mafundi wa Bologna wa mwanzo wa karne ya 16 walikuwa wanapenda 9 au 11, pana pana. Baadaye kule Venice na Padua fasheni ikageuka, wakaingia kwenye mbavu nyembamba za mti wa taksusi, uleule wa kutengenezea pinde za vita, mbavu 25, 31 na kuendelea, kila ubavu nusu ina rangi ya kahawia ya kiini cha mti na nusu nyeupe ya karibu na gome, kwa hiyo mgongo mzima unakuwa na mistari. Kuutazama ni raha, kuutengeneza ni adhabu.

Lakini mgongo ndo sehemu ambayo kila mtu anaisifia na siyo ndo penye kazi kubwa ya sauti. Sauti iko mbele. Ubao wa mbele ni wa sprusi, ndugu yake msonobari, uliokua polepole kwenye baridi ya milimani, na wenyewe pia una milimita 1.5 au pungufu. Kwa ndani zimegundishwa fito nyembamba za kukingama, ndizo zinazoubeba ubao usibonyee, na ndizo zinazoamua sauti itoke vipi. Lile ua lililotobolewa katikati, waridi, halibandikwi kutoka kwingine bali linachongwa kwenye ubao huohuo kwa kisu kidogo, na kabla ya kukata fundi anapunguza unene wa eneo lile zaidi. Mkono ukiteleza ubao umekwenda na maji.

Sasa kama unaweza. Kupiga randa na kunoa patasi ni nusu ya kazi na hivyo tayari unavyo. Kitakachokusumbua ni mazoea. Wewe umefundishwa kabati likae miaka 40 bila kutingishika, huku unatakiwa utengeneze kitu ambacho kimebakiza kidogo tu kivunjike. Luti nyingi za kozi 6 au 7 hazifiki kilo moja (kozi ni nyuzi mbili zinazopigwa pamoja, isipokuwa ule wa juu kabisa ambao huwa peke yake, kwa hiyo luti ya kozi 6 ina nyuzi 11), na kila uzi unavuta kama kilo 3, mchana na usiku, hata ukiwa umelala. Watu wanaoanza wanaongeza unene kidogo hapa na kidogo pale kwa usalama, alafu chombo kinakuwa bubu. Hata wataalamu walipita humo. Luti ilikufa karibu kabisa mwishoni mwa karne ya 18, na Arnold Dolmetsch, mwanamuziki na fundi wa ala za kale, alipotengeneza yake London mwaka 1893 hakukuwa na mwalimu wa kumuuliza. Kwa miaka mingi baada ya hapo luti nyingi mpya zilikuwa nzito, zimejengwa kwa akili ya gitaa. Ni mpaka mafundi walipoanza kuingia makumbusho na vipimo vyao, kuchungulia ndani, kupima unene kila mahali, ndo ikaeleweka kwamba wazee walikuwa wanapunguza mbao kuliko mtu alivyothubutu kudhani.

Na hili litakufurahisha wewe wa makabati: kwenye luti nyingi za kale shingo imeshikizwa kwa msumari. Msumari kabisa, umepigwa kutoka ndani ya tumbo, kabla ubao wa mbele haujafunikwa. Kwa hiyo mtu akikwambia fundi wa kweli hatumii misumari mcheke.

Naomba unieleze hadigadi inafanyaje kazi, na ile sauti ya kukoroma inayofuata mdundo inatoka wapi. Alafu nimesikia mafundi wanasema gurudumu ndo ala yenyewe, mengine ni pambo. Kweli? — Dada wa Muziki

Kweli kwa asilimia kubwa, dada yangu. Gurudumu limekaa chini ya nyuzi, ukingo wake umepakwa rosini, ule utomvu mkavu wa msonobari ambao wapiga fidla wanasugulia upinde. Ukizungusha, linasugua nyuzi zote kwa pamoja na sauti haikatiki mpaka mkono uchoke. Nyuzi za wimbo zinapita ndani ya boksi refu lenye vitufe, ukibonyeza kitufe kijiti kidogo cha mbao kinaugusa uzi kutoka ubavuni na noti inapanda. Hakuna springi, ukiachia kitufe kinarudi chenyewe kwa uzito wake, ndo maana mpigaji anailaza ala imeinama kidogo. Zile za Kifaransa za karne ya 18 kwa kawaida zina vitufe 23 na nyuzi 6, mbili za wimbo na nne zinaunguruma chini bila kubadilika.

Ule mkoromo unatoka kwenye mmoja wa hao wanne. Uzi wake umekaa juu ya kidaraja kidogo chenye mguu mmoja ulioachwa huru, Wafaransa wanakiita mbwa. Ukizungusha kwa utulivu mbwa amelala, ukikaza kiganja ghafla ule mguu unarukaruka na kugonga ubao, mbwa anabweka. Mpigaji hodari anambwekesha mara 4 katika mzunguko mmoja, huku mkono wa kushoto unaendelea na wimbo kama hakuna kinachotokea. Kipo na kigingi kidogo cha kurekebisha ukali wa mbwa, na kazi ya fundi kwenye kidaraja hicho ni ya kukwangua kwa kiwembe, unajaribu, unakwangua tena, unajaribu tena, ukizidisha unatupa unaanza kingine.

Sasa gurudumu. Mbao haitulii. Hewa ikiwa na unyevu inavimba, ikikauka inasinyaa, na tatizo ni kwamba haisinyai sawa pande zote, kukatisha nyuzi za mti inasinyaa sana, kufuata urefu wa mti karibu haisinyai kabisa. Kwa hiyo ukikata duara zuri kwenye ubao mmoja, baada ya msimu mmoja wa ukavu unakuwa na yai. Yai likizunguka chini ya nyuzi, upande mmoja linazikandamiza na upande mwingine linaziachia, na wewe unasikia wimbi, wuu-wuu-wuu, kila mzunguko. Ndo maana mafundi wengi wa leo wanatumia tabaka nyingi zilizogundishwa kwa kukingamana, plaiwudi kwa jina la mtaani, alafu ukingoni wanazungushia ukanda mwembamba wa mbao ngumu. Wengine wanatumia plastiki ngumu na mimi sioni dhambi yoyote. Na kumalizia kukereza hakufanyikii mezani, gurudumu linafungwa kwanza kwenye mhimili wake ndani ya ala, fundi analizungusha kwa mkono wake na patasi imetulia sehemu moja, linajipunguza lenyewe pale linapozidi. Kasoro ambayo macho yako hayaioni sikio linaikamata mara moja.

Na pamba, karibu nisahau. Kila uzi pale unapogusa gurudumu unaviringishiwa pamba kidogo, nyuzinyuzi chache tu. Ikipungua uzi unapiga yowe, ikizidi unakwaruza na sauti inafifia. Hiyo siyo kazi ya fundi bali ni yako mpigaji, kila wiki, wengine kila siku. Na tafadhali usiguse ukingo wa gurudumu kwa vidole, mafuta ya ngozi yakishaingia pale utasugua rosini mpaka ukome.

Nasikia mafundi wa zamani walikuwa na siri ya vanishi iliyopotea. Ilikuwa nini? — Mdadisi

Hapana siri, ndugu. Hizo hadithi ni za fidla zaidi, na hata huko zimetiwa chumvi. Ubao wa mbele wa luti nyingi haubebi vanishi nzito kabisa, karibu uko uchi. Na mchoro wa jinsi ya kupata umbo la luti kwa bikari na rula ulishaandikwa mnamo 1440 na Henri Arnaut de Zwolle, daktari na mnajimu wa makabaila wa Burgundy, kauacha kwenye karatasi na mpaka leo upo Paris. Kama kuna kitu kilipotea ni mazoea ya mikono tu.

Shikamoo mhariri unipe mimi maana nimeshakuwa mzee. Nasikitika kuona vijana wanakata mbao kwa kompyuta na kuita hiyo ala ya kihistoria. Mafundi wa zamani walikaa peke yao na chombo kimoja mwaka mzima. Wa leo wamegeuka kiwanda. — Mzee wa Patasi

Shikamoo mzee wangu. Naelewa uchungu wako lakini hapo kwenye kukaa peke yao mwaka mzima naomba nikubishie kwa heshima zote.

Chukua Laux Maler. Mjerumani aliyehamia Bologna, jina kubwa kuliko yote kwenye luti za karne ya 16. Alipofariki mwaka 1552 walihesabu mali ya karakana yake wakakuta zaidi ya luti elfu moja, na juu ya hizo kuna rundo la mbavu na mbao za mbele zilizokuwa zinasubiri kuunganishwa. Luti elfu moja mzee wangu! Huyo hakuwa mtu wa kukaa na chombo kimoja akikibembeleza, huyo alikuwa na vijana wengi, huyu anakunja mbavu, yule anachonga waridi, mwingine vigingi vya kukazia nyuzi, na bidhaa inasafirishwa nchi za mbali. Na bado zilikuwa nzuri kiasi kwamba zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1676, mpiga luti Mwingereza Thomas Mace anasimulia kwamba ameona luti kuukuu za Maler, zimechakaa na kupasuka, zinauzwa pauni 100 moja. Kwa pesa za wakati ule hiyo ilikuwa mali ya kutisha.

Na kwa nini Wajerumani wajazane Italia? Jibu ni mji mdogo wa Füssen, Bavaria, chini ya milima ya Alps. Mbao nzuri ziko hapohapo mlimani, mto Lech unapita mjini, na njia ya zamani ya biashara kwenda Italia inakatiza palepale. Mafundi wa luti wakawa wengi mno, mwaka 1562 wakaunda chama chao, kinachohesabika kuwa cha kwanza cha aina yake Ulaya, na chama kikaweka sheria kwamba mabwana wenye karakana wasizidi 20. Sasa kijana umemaliza kujifunza kazi, unaijua vizuri, nafasi hakuna, utafanyaje? Unafunga mzigo unavuka mlima. Wengine walishavuka hata kabla ya sheria hiyo, kama ukoo wa Tieffenbrucker waliotapakaa Venice, Padua mpaka Lyon kule Ufaransa. Baadaye Vita vya Miaka 30 na tauni vikamaliza waliobaki nyumbani. Ukiangalia vizuri, sehemu ya sifa ya luti ya Italia ilitokana na kasheria kamoja ka kuzuia ushindani huko Füssen, na mimi nikisikia leo watu wanataka kuweka masharti ya nani aitwe fundi halisi na nani asiitwe huwa nakumbuka hilo.

Kwa hiyo kompyuta kukata foma au kutoboa tundu za vigingi sioni ubaya. Pale itakapoamua unene wa ubao wa mbele bila mtu kuukunja kwa vidole na kuusikiliza, hapo niko upande wako mzee, maana kila ubao ni tofauti hata kama umetoka kwenye mti mmoja.

Kwenye makumbusho luti nyingi za 1500 zina nyuzi nyingi kuliko wakati wake. Walikosea maandishi? — Msafiri

Hawajakosea. Muziki ulipobadilika nyuzi ziliongezeka, kutoka kozi 6 miaka ya 1500 mpaka 10 mwanzoni mwa karne iliyofuata, kisha 11 Ufaransa na 13 Ujerumani wakati wa mpiga luti mashuhuri Sylvius Leopold Weiss. Tumbo la kale la Maler au la Hans Frei, fundi mwingine wa Bologna, lilikuwa linapendwa mno, kwa hiyo watu hawakulitupa, walikata shingo wakaweka nyingine pana, wakabadilisha daraja na fito za ndani. Ndo maana luti ya kozi 6 iliyobaki na shingo yake ya kwanza ni nadra sana, na ile ya fundi Georg Gerle iliyopo Vienna, ya mnamo 1580, yenye mbavu za pembe za ndovu, mafundi wanaipima na kuichora mpaka leo.

Kuna na ukatili mwingine wa kuchekesha. Ufaransa, miaka ya 1716 mpaka 1720 na kitu, wakubwa wa kifalme walishikwa na homa ya kujifanya wachunga kondoo, wakataka hadigadi, ala ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya ombaomba na wanakijiji. Fundi mmoja wa Versailles, Henri Bâton, akaona magitaa na luti za zamani zimejaa hakuna anayezitaka, akazipasua akaweka gurudumu. Zikauzwa sana. Umbo lenye tumbo la mviringo unaloliona kwenye hadigadi nyingi za Kifaransa ndo limetokea hapo. Sijui nimlaani au nimpongeze, maana luti ngapi nzuri ziliishia hivyo, lakini pia bila yeye ala hii isingeingia kumbi za watu wenye pesa na mafundi wa Paris wasingeshindana kuiboresha.

Nimeona luti inauzwa kwenye intaneti bei ya kutupa, imejaa nakshi na maua, na hadigadi nyingine ya bei hiyohiyo. Ninunue ipi? — Mwenye Haraka

Usinunue yoyote mpaka usome hapa. Nakshi ni sehemu rahisi kuliko zote kwenye ala hizi, mtu yeyote mwenye mashine anakubandikia maua, na wanaouza mapambo ya ukutani wanajua kwamba wewe jicho linakwenda kwenye maua.

Luti, kwanza ishike. Ikikupa hisia ya uzito umeshapata jibu. Muuzaji yuko mbali? Muombe aipime kwenye mizani, na akikataa basi. Angalia freti, kwenye luti ni vipande vya utumbo au nailoni vilivyofungwa kuzunguka shingo na vinasogezeka, ukiona vyuma vimepigiliwa kama vya gitaa ujue aliyetengeneza hajawahi kuishika luti ya kweli. Piga tochi kupitia waridi uone fito za ndani, ziwe nyembamba, nyingi, zimekingama. Zungusha vigingi, viwe vinasogea laini na kusimama, maana vigingi vya luti ni mateso hata vikiwa vizuri. Mwandishi wa muziki Mjerumani, Johann Mattheson, mwaka 1713 alitania kwamba mpiga luti akifikisha miaka 80, basi 60 kati ya hiyo alikuwa anatyuni. Sasa fikiria vigingi vibovu.

Hadigadi, omba video ambayo mtu anazungusha polepole sana, noti moja, bila mbwembwe. Usikilize lile wimbi nililolisema juu. Angalia ukingo wa gurudumu kwa karibu, usiwe unayumba kupanda na kushuka. Vitufe vyote vishuke vyenyewe. Vile vijiti vya ndani viwe vinazungushika ili kurekebisha noti, kama vimegundishwa achana nayo. Mimi hadigadi ya plaiwudi yenye umbo la sanduku, haina hata ua moja, ila gurudumu liko sawa, naichukua mbele ya ile yenye kichwa cha malaika na yai linazunguka ndani.

Na kabla ya kutoa hela uliza kama kuna kukodi. Vyama vya wapiga luti, kwa mfano kile cha Uingereza kilichoanzishwa 1956, vinakodisha kwa wanaoanza, na mafundi wengine wa hadigadi wanafanya hivyohivyo. Haraka yako utaijutia, fundi mwenye jina anaweza kukusubirisha mwaka au zaidi na hiyo siyo maringo, mikono yake ni miwili.

Nyuzi za utumbo wa kondoo bado zinatumika? — Mpenda Wanyama

Zinatumika, na wapo wanaoapa hakuna mbadala. Ila zinayumba na unyevu, ule wembamba wa juu unakatika bila taarifa. Wengi siku hizi wanafunga nailoni, au kaboni ambayo ni jamaa ya uzi wa kuvulia samaki, au nyuzi za Italia zinazoitwa Nylgut zilizotengenezwa makusudi ziwe na uzito wa utumbo. Muhimu mwambie fundi unafunga nini kabla hajamaliza, maana nafasi na unene hupangwa kwa nyuzi fulani. Nyuzi za chuma za gitaa usithubutu kwenye luti, ubao utang'oka.

Luti yangu imepasuka mbele, mstari mwembamba. Fundi wa fanicha ananiambia aimwagie gundi kali ya dukani. Nimruhusu? — Mwenye Presha

Usimruhusu hata kidogo! Mafundi wa ala hizi wanatumia gundi ya ngozi za wanyama, inayoyeyushwa kwa maji ya moto, siyo kwa sababu wanapenda ukale bali kwa sababu inafunguka. Miaka 50 ijayo fundi mwingine atapitisha kisu chembamba chenye joto na unyevu kidogo, ubao utatoka mzima, atatengeneza ndani, ataurudisha. Gundi ya kisasa ikishaingia kwenye ufa haitoki, na atakayekuja baadaye itabidi akate. Legeza nyuzi kidogo, iweke kwenye kasha lake, tafuta fundi wa ala au hata wa fidla, hao gundi hiyo wanaijua.

Na ufa wenyewe umetokana na ukavu. Ala hizi zinapenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 mpaka 55 na zaidi ya yote zinachukia mabadiliko ya ghafla. Mace niliyemtaja juu alishauri mchana uilaze luti kitandani, kitanda kinachotumika kila siku, katikati ya mablanketi. Ushauri wa maana kwa zama zake, ila na yeye alionya mtu asije akajitupa kitandani bila kuangalia. Siku hizi kasha zuri na kipima unyevu kidogo vinatosha, kitanda waachie watu.

Pembe za ndovu na mbao za thamani bado zinaruhusiwa kwenye ala hizi? — Mwanafunzi wa Sheria

Pembe za ndovu sahau, biashara yake ya kimataifa imefungwa tangu 1990 na hata ala ya kale yenye kipande kidogo inahitaji makaratasi kuvuka mpaka. Mafundi wanatumia mfupa. Mbao za jamii ya dalbegia, ambamo umo na mpingo wa zumari na klarineti, ziliingizwa zote kwenye udhibiti wa biashara ya kimataifa mwaka 2017, wanamuziki wakapiga kelele, 2019 ala zilizokamilika zikapewa nafuu, isipokuwa za dalbegia ya Brazili ambayo tangu 1992 iko kwenye kundi la udhibiti mkali zaidi. Kusema ukweli kwa luti siyo msiba, mepo na sprusi hazijawahi kuwa na tatizo hilo na ndo mbao walizotumia wazee.

Nina miaka 19, nataka kuwa fundi wa ala hizi. Nianzie wapi? — Kijana

Mdogo wangu, anza kwa kununua mchoro kabla ya chombo. Makumbusho kadhaa, mfano Germanisches Nationalmuseum ya Nürnberg, yanauza michoro ya kiufundi ya ala zao, kila unene umeandikwa. Utakaa na mchoro mmoja wiki nzima unaona kila siku kitu kipya. Kitabu cha Robert Lundberg, Mmarekani aliyezipima luti nyingi za makumbusho kabla ya kufariki 2001, kitafute kwa udi na uvumba.

Kama roho iko kwenye hadigadi fika siku moja kwenye kijiji cha Jenzat katikati ya Ufaransa, ukoo wa Pajot walitengeneza hadigadi pale tangu mwishoni mwa karne ya 18 na karakana imegeuzwa makumbusho, unaona foma zao na vyombo vyao. Kuna pia lile tamasha la mafundi lililoanzia Saint-Chartier mwaka 1976, siku hizi linafanyika karibu na La Châtre, mafundi wanakaa na meza zao na unaruhusiwa kushika, kuzungusha, kuuliza maswali ya kijinga. Hapo utajifunza kwa siku moja kuliko mwaka wa video.

Usianze na hadigadi, lakini. Ina vipande vingi vinavyosogea na kosa la kipande kimoja linajificha nyuma ya kingine, utakuwa hujui kama tatizo ni gurudumu, pamba, kitufe au mbwa. Anza na luti ya kozi 6, mbavu 9 au 11 tu za mepo, hizo za taksusi 31 ziache kwanza. Na ubao wa sprusi nunua miwili kabisa, wa kwanza utautoboa kwenye waridi.